Nisubiri au Ninunue Sasa? Vitabu vya Sanaa ya Kisasa na vya Majukwaa ya Programu

BARUA

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mchoraji niliyegeukia kompyuta ukubwani, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikikusanya vitabu vya aina mbili ambavyo kwangu ni kitu kimoja: vitabu vya sanaa ya kisasa, hasa katalogi za maonyesho, na vitabu vinavyohusu majukwaa ya programu ambayo wasanii wa leo huyatumia kutengenezea kazi zao, au huyachunguza na kuyakosoa kupitia kazi hizo. Sina taasisi inayonilipia, wala sina maktaba kubwa iliyo karibu. Kila kitabu hutoka mfukoni mwangu, na mfuko wenyewe si mrefu.

Nimelelewa kuamini kwamba subira huvuta heri. Kwa hiyo, ilipotoka katalogi moja niliyoitamani sana, niliiona bei yake ni kali, nikajiambia kwamba nitangoja mwaka mmoja au miwili hadi ishuke kama zinavyoshuka bei za riwaya. Haikushuka. Nakala zilimalizika kwa mchapishaji, na niliporudi kuitafuta nikakuta zilizotumika zinauzwa ghali kuliko ilivyokuwa ikiuzwa mpya. Nilinunua moja ambayo muuzaji aliieleza kuwa iko katika "hali nzuri". Ilipofika, jalada lilikuwa safi kabisa, lakini kurasa kama ishirini za katikati, zile zenye picha za rangi, zilikuwa zimegandana kama ubao. Nilijaribu kuzibandua mbili kwa ncha ya kisu, nikaishia kuwa na nusu ya picha upande huu na nusu upande wa pili.

Wiki chache baadaye niliagiza kitabu cha mwongozo wa Processing, ile programu ya kuandikia picha kwa msimbo, kilichoandikwa na waanzilishi wake Casey Reas na Ben Fry. Picha kwenye tangazo ilikuwa ya jalada la toleo la pili. Kilichonifikia ni toleo la kwanza, la 2007, na mifano kadhaa niliyoinakili humo inakataa katakata kufanya kazi kwenye kompyuta yangu.

Jambo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kuna katalogi nyingine ninayoifuatilia mtandaoni. Ndani ya mwezi mmoja bei yake imepanda maradufu, ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena, ilhali nakala inayouzwa ni ileile. Rafiki yangu anasema kwamba najitafutia matatizo, ninunue vitabu vya kielektroniki yaishe.

Naomba uniambie ni vitabu gani ninunue vikiwa vipya, vipi vilivyotumika vinafaa, na vipi nivikwepe. Je, zile kurasa zinaweza kuokolewa? Na hicho kitabu cha 2007, nikitupe?

Ni mimi,
Mchoraji wa Mfuko Mfupi

JIBU

Ndugu Mchoraji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili niliguna nilipofika kwenye ncha ya kisu. Tuanzie hapo, kwa sababu ndilo jambo lenye haraka.

Karatasi inayong'aa ya vitabu vya sanaa hupakwa utando mwembamba wa udongo mweupe, aghalabu kaolini, uliochanganywa na gundi, ili wino ubaki juu na rangi zitokee kwa ukali wake. Utando huo ukilowa, gundi hulainika, na ukikauka huku kurasa zimebanana, kurasa mbili huwa moja. Zingekuwa bado mbichi, mtu mwenye mkono mwepesi angeweza kuzitenganisha moja baada ya nyingine kabla hazijakauka. Zikishakauka, kila unachobandua ni ngozi ya picha, kama ulivyojionea. Acha kubandua. Kipige picha kitabu kikiwa wazi pale kurasa zilipogandana, upige na ukingo wa kurasa ukiutazama kwa ubavu, ambako huenda ukaona alama ya maji iliyopinda kama ufuo, kisha umwandikie muuzaji leo hii kwamba kitabu hakilingani na maelezo yake. Zile kurasa mbili ulizozibandua mwambie pia, maana mpasuko mpya ataugundua tu, na ni afadhali ausikie kutoka kwako.

Atakujibu, labda, kwamba alisema ni "nzuri" na wala hakusema ni "nzuri sana". Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua baada ya kuumia. Wauza vitabu vya zamani wana ngazi yao ya maneno: kuna nakala iliyo kama mpya, kuna iliyo bora, kuna nzuri sana, na ndipo tunapofika kwenye "nzuri", ambayo kwa lugha ya biashara hiyo ina maana ya kitabu kilichotumika hadi kinaonekana kimetumika, ila kurasa zake zote zimo. Ni neno la katikati kuelekea chini. Pamoja na hayo, desturi hiyohiyo humtaka muuzaji ataje kila kasoro, na kurasa ishirini zisizofunguka ni kasoro ambayo hakuna ngazi inayoweza kuifunika. Kwa hiyo dai lako lina miguu.

Siku nyingine, kabla hujalipia kitabu cha sanaa kilicho mbali nawe, omba picha tatu: ukurasa wa haki za uchapishaji, mgongo wa kitabu, na ukingo wa kurasa kitabu kikiwa kimefungwa. Picha ya jalada haikuambii kitu. Kisha uliza swali moja la wazi, kwamba je, kurasa zote zinafunguka zenyewe, na je, kitabu kina harufu ya ukungu? Muuzaji mwaminifu atakwenda rafuni kutazama, na asiyetaka kunyanyuka amekwisha kukupa jibu. Kwenye picha ya mgongo tazama kama umepasuka. Katalogi nyingi nene hubandikwa kwa gundi tu bila kushonwa, na gundi hiyo ikizeeka huvunjika pale kitabu kilipofunguliwa mara nyingi zaidi, kisha karatasi huanza kutoka moja moja. Kilichoshonwa utakitambua ukikifungua katikati ya kila kifungu cha kurasa, kwa kuwa utauona uzi. Vitabu viwili vikilingana kwa mengine yote, chagua chenye uzi hata kama jalada lake limechakaa.

Sasa twende kwenye ile subira yako. Ulisubiri pale ulipopaswa kukimbia, na nahofia kwamba kwenye vitabu vya programu unakimbia pale unapopaswa kusubiri. Wahenga walituachia methali zote mbili, subira huvuta heri na ngoja ngoja huumiza matumbo, na katalogi ya maonyesho iko chini ya hiyo ya pili. Sababu yake si fumbo. Katalogi huchapishwa kwa ajili ya maonyesho yenye mwanzo na mwisho, kwa idadi inayokadiriwa kulingana na wageni wanaotarajiwa, na picha zilizomo humo huwa zimeombewa ruhusa kwa wasanii, makumbusho na wapiga picha wengi, mara nyingi kwa chapa hiyo tu. Mchapishaji akitaka kuichapisha upya inambidi abishe hodi kwenye milango ileile yote. Wengi huona afadhali waiache. Ndiyo maana riwaya hushuka bei huku katalogi ikipanda, na ndiyo maana nakushauri katalogi unayoihitaji kweli uinunue mpya, maonyesho yakiwa bado wazi au yakiwa yamefungwa karibuni, hata kama itakubidi uache vitabu vingine viwili mwezi huo.

Kwa kuwa unatafuta sanaa na majukwaa kwa pamoja, nikutahadharishe na mtego mmoja mdogo. Maonyesho ya Documenta, yanayofanyika Kassel, Ujerumani, tangu 1955, yalipoongozwa na Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, kwa awamu ya 11 ya mwaka 2002, aliyapanga katika "majukwaa" matano: manne yalikuwa mijadala iliyofanyika katika miji mbalimbali ya dunia, na la tano lilikuwa maonyesho yenyewe. Kila jukwaa lina juzuu lake, na kila juzuu lina neno "Platform" na namba yake. Hayahusu programu za kompyuta hata kidogo. Ukiyaona kwenye matokeo ya utafutaji usiyapuuze, kwani la nne linazungumzia Freetown, Johannesburg, Kinshasa na Lagos na lingemfaa mtu kama wewe, lakini mwulize muuzaji anauza namba ngapi, maana baadhi huandika jina la Documenta tu wakaishia hapo, na anayetarajia picha za maonyesho hujikuta ameletewa juzuu la insha.

Upande wa programu, vitabu vyako vyote umeviweka kwenye kapu moja, na hilo ndilo kosa la pili. Kuna vitabu vinavyofundisha kutumia jukwaa, na kuna vitabu vinavyolifikiria jukwaa: lilitengenezwaje, linamruhusu msanii afanye nini na linamnyima nini. Vya kwanza huoza kama matunda. Mtu aliyenunua mwongozo wa Flash, programu ambayo wasanii wa mtandaoni waliitumia kwa miaka mingi, ana kitabu ambacho mashine yake ilizimwa, kwa kuwa Adobe, kampuni inayoimiliki, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuia kazi zake zisichezwe. Mwongozo wa namna hiyo ununue ukiwa mpya na siku unayouhitaji, tena baada ya kulinganisha namba ya toleo la programu inayotajwa kitabuni na ile iliyo kwenye kompyuta yako. Ukiununua mapema "ili uwepo", utaufungua ukiwa umekwisha kuchina.

Vya pili havina haraka hiyo. Nick Montfort na Ian Bogost walitoa mwaka 2009 kitabu kizima juu ya Atari VCS, mashine ya michezo ya 1977, wakieleza jinsi uchache wa kumbukumbu yake na namna ilivyochora picha mstari kwa mstari vilivyoamua sura ya michezo yenyewe. Mashine hiyo haitapata sasisho jipya kesho asubuhi. Kitabu kama hicho nunua kilichotumika bila wasiwasi, hata kikiwa na mistari ya penseli ya msomaji aliyetangulia. Mimi binafsi hupenda kuona mwenzangu alishtuka wapi. Hapa subira yako ndiyo mahali pake.

Kuhusu picha ya toleo la pili na kitabu cha toleo la kwanza, muuzaji huenda hakukusudia kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Kwenye masoko mengi ya mtandaoni picha ya jalada huvutwa na mfumo wenyewe, na matoleo mawili yanaweza kuunganishwa chini ya tangazo moja. Dawa yake ni kuacha kununua kwa macho na kununua kwa namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Kila toleo lina namba yake, na hata jalada gumu na jalada laini vya toleo lilelile havishiriki namba. Namba hiyo ilikuwa na tarakimu 10 hadi mwisho wa 2006, na tangu 1 Januari 2007 ina tarakimu 13. Itafute namba ya toleo unalolitaka kwa mchapishaji, kisha umtake muuzaji aisome kutoka kwenye kitabu alichokishika mkononi. Kwenye ukurasa huohuo wa haki za uchapishaji, vitabu vingi huwa na mstari wa tarakimu kuanzia 10 kushuka hadi 1. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa: ukiona mstari unaishia kwenye 4, umeshika chapa ya nne. Wakusanyaji hulipia 1 kwa furaha. Wewe ni msomaji, na kwa kitabu cha mwongozo chapa ya baadaye ni afadhali, kwa kuwa makosa ya msimbo mara nyingi huwa yamesahihishwa humo.

Ile bei inayopanda na kushuka isikunyime usingizi tena. Mwaka 2011 mwanabiolojia wa Marekani, Michael Eisen, alikuta kitabu cha biolojia kilichokwisha kuacha kuchapishwa kikiuzwa na wauzaji wawili kwenye Amazon kwa mamilioni ya dola. Alikifuatilia siku hata siku, akagundua kwamba programu ya muuzaji mmoja ilikuwa ikiweka bei yake kuwa mara 0.9983 ya bei ya mwenzake, na programu ya huyo mwenzake ikiweka mara 1.270589 ya bei ya wa kwanza. Wa kwanza alitaka kuwa chini kidogo tu ili auze yeye. Wa pili, kwa makadirio ya Eisen, hakuwa hata na kitabu. Alikuwa akitegemea kukinunua kwa wa kwanza mteja akipatikana. Zikaendelea kusukumana hadi bei ikafika dola 23,698,655.93 na nauli ya kutuma juu yake, ndipo mtu akaamka. Unachokiona kwenye katalogi yako huenda ni mzozo wa namna hiyo, mdogo zaidi. Bei iliyoandikwa si bei iliyolipwa. Tafuta nakala hiyohiyo kwa wauzaji wadogo wanaopanga bei kwa mkono, na kwenye duka la makumbusho yaliyoandaa maonyesho, ambako nakala chache husahaulika stoo. Ukimkuta binadamu, mwandikie umpe bei yako kwa adabu. Wengi hukubali, hasa kitabu kikiwa kimekaa rafuni muda mrefu. Uliza na uzito wake kabla hujakubaliana, maana karatasi ile yenye udongo ni nzito na gharama ya kutuma inaweza kuikaribia bei ya kitabu. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Florence wa UNESCO wa 1950 hazitozi ushuru wa forodha kwa vitabu, ila mkataba huo hauzuii kodi ya ndani wala ada ya kampuni inayosafirisha.

Rafiki yako ana haki nusu. Kitabu cha kielektroniki kinafaa kwa mwongozo wa programu, kwa sababu unaweza kutafuta neno na kunakili msimbo bila kukosea nukta. Kwa katalogi, sivyo. Wakati mwingine picha zenyewe hazimo kwa kuwa ruhusa ya kuzitoa kielektroniki haikupatikana. Tena unacholipia mara nyingi ni leseni tu. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa vilitoweka, ingawa wateja walirudishiwa fedha, na mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kitabu cha kielektroniki hakiwezi kuuzwa tena bila idhini ya mwenye haki, kama kinavyouzwa cha karatasi. Kwa mtu wa mfuko mfupi anayeweza kuhitaji kuuza kitabu kimoja ili apate kingine, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kabla hujalipia karatasi au leseni, tazama kama kitabu hakitolewi bure kihalali. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yameweka mtandaoni mamia ya katalogi zake zilizokwisha sokoni, makumbusho ya Guggenheim yamefanya vivyo hivyo kwa nyingi za kwake, na MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, imeweka kumbukumbu za maonyesho yake tangu 1929, katalogi nyingi zikiwamo. Upande wa pili wa rafu yako, kitabu cha 2012 ambacho waandishi kumi walikiandika juu ya mstari mmoja tu wa msimbo wa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, chenye jina linaloanza na 10 PRINT, kinapakuliwa bure kwa ridhaa yao. Ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua wa kitabu kinacholitazama jukwaa kwa jicho la msanii, na hakitakugharimu kitu.

Tumebakiwa na kitabu chako cha 2007. Usikitupe. Kiliandikwa kabla hata Processing haijafikia toleo lake la 1.0, lililotoka Novemba 2008, na mambo kama kuitoa kazi kwenye wavuti kwa njia ya applet za Java, yaani programu ndogo zilizoendeshwa ndani ya kivinjari, yaliondolewa ilipokuja 2.0 mwaka 2013, kwa hiyo baadhi ya mifano kukugomea ni jambo la kutarajiwa. Toleo la pili, la 2014, liliandikwa upya kwa ajili hiyo, na hilo ndilo la kujifunzia. Mdai muuzaji tofauti ya bei kwa kuwa picha yake ilikuwa ya toleo jingine, kisha hicho ulicho nacho ukisome kwa mahojiano yake na wasanii waliokuwa wakitumia chombo hicho kingali kichanga. Kwenye kila mfano unaogoma, andika pembeni tarehe na namba ya toleo la Processing ulilolijaribia. Andika kwa penseli, usitumie kalamu, maana huenda siku moja ukataka kukiuza.